Majani Yaliyolala Kushoto

Bibi Majani alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, lakini shali zake katika duka kubwa la mtaa wa juu zilikuwa bado zinauzika kama njugu. Kila shali ilitundikiwa kikaratasi chenye picha yake, ametabasamu, sindano za kufumia ziko mapajani. Picha ile ilikuwa ya zamani. Siku hizi vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo na kupinda, kila kimoja kimeshika njia yake, na baridi ya mji ule wa milimani haikuwa na simile navyo.

Aliyekuwa akifuma ni binti yake. Walimwita Mashoto tangu utotoni, kwa kuwa kijiko, kalamu na ufagio vyote alivishika kwa mkono wa kushoto, na jina likamganda mpaka ukubwani. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, hana mbele wala nyuma, akapewa nafasi kitandani kwa mama. Asubuhi alimwogesha mama, akamvisha, akamchana nywele. Kisha alikaa dirishani penye mwanga na kufuma: shali, skafu, kofia zenye masikio, glavu zisizo na ncha kwa ajili ya watu wanaohesabu chenji sokoni alfajiri. Shali ikiisha aliiosha kwa maji baridi, akaitandaza juu ya kitanda na kuibana kwa pini pande zote ili ikauke na umbo lake. Siku hizo mama na binti walikaa vitini wakikingoja kitanda chao wenyewe kama wagonjwa kwenye foleni.

Mambo yalianza kama siri ndogo. "Msimu huu mmoja tu," mama alisema. "Vidole vikipona narudi mwenyewe." Vidole havikupona, misimu ikapita, na hakuna aliyekwenda kuliambia duka. Pesa iliingia kwenye simu ya mama na kutoka humo humo kwenda kwenye kodi, kwenye umeme, na mara nyingi kwenye shida za Kaka, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Mashoto hakuwahi kuulizwa yeye anataka nini katika pesa hiyo. Alikuwa akila na akilala, na wote waliona hiyo inatosha.

Mchoro wa majani ulikuwa wa mama kweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Aliubuni usichanani, akaufuma na kuufumua mpaka ukamkubali: majani yanashuka safu kwa safu kutoka shingoni hadi kwenye pindo, yote yamelala upande wa kulia. Mashoto alipoyafuma yeye, yalilala kushoto, kwa sababu mstari wake ulikwenda kinyume. Pale mama alipomalizia ndipo yeye alipoanzia. Mama alipoiona shali ya kwanza ya namna hiyo alifoka, "Fumua. Hii si yangu." Lakini baridi ilikuwa imeshaingia na duka lilikuwa linangoja, basi shali ikaenda vilevile. Duka likaagiza nyingine za kufanana na hiyo. Tangu hapo mama hakusema tena fumua, wala hakusema nzuri.

*

Kaka alikuja na habari Jumapili mchana. Alikuwa dereva wa lori la watu, na sauti yake ilishazoea kushindana na injini hata akiwa sebuleni.

"Mwenye duka kanipigia," alisema kabla hajavua koti. "Anakuja hapa Ijumaa. Mwenyewe, kwa miguu yake."

"Kutafuta nini?" mama akauliza.

"Anafungua karakana kule mji wa bondeni. Wafumaji wengi, watakaa kwenye madawati kama shule. Anatafuta wa kuwasimamia na kuwafundisha haya majani ya kushoto, maana wateja wameyapenda kupita yale ya zamani. Kuna mshahara wa kila mwezi, na chumba juu ya karakana. Anajua umri wako umekwenda, mama, hakusumbui uhame. Anasema kama kuna mtu uliyemfundisha ukamwamini, umtaje tu, anamchukua siku hiyo hiyo."

Wifi, mke wa Kaka, alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi. Hakuinua hata kichwa. "Basi mtu si yupo? Huyu hapa amekaa dirishani."

"Taratibu," Kaka alisema. "Tukisema ni Mashoto, itabidi tuseme na mengine. Ataanza kuuliza, tangu lini? Picha ya mama inafanya nini kwenye kazi ya mtu mwingine? Tutajipalia makaa hapa."

"Sema unaogopa nani atakulipia madeni."

"Mke wangu, hapa wanazungumza mama yangu na dada yangu. Wewe viazi vinakungoja."

Wifi alicheka kidogo puani, akaendelea kumenya. Mashoto alikuwa ameshika sindano zake bila kufuma. Katika nyumba ile alikuwa hajawahi kusema anataka kitu, na sasa alijaribu kukumbuka watu husemaje.

"Mama," alisema. "Mimi nataka kwenda."

Wote wakamgeukia. Mama alimtazama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa imelala mapajani, kisha dirisha.

"Nitamwambia mimi," mama alisema hatimaye. "Ijumaa akishakaa tu, nitamwambia, huyu ndiye. Kazi ni yangu, mwanafunzi ni wangu, aibu kama ipo ni yangu. Hamtanifundisha leo namna ya kuzungumza na mgeni."

Neno la mama nyumbani mle lilikuwa halina rufaa.

*

Wiki ile Mashoto alifanya kazi kama mtu aliyetua mzigo. Alimwosha mama miguu, akakamua taulo, akajikuta anaimba chinichini.

"Unaimba," mama alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Hicho chumba chao kina dirisha?"

"Sijui. Nitafurahi kikiwa na mlango wa kufunga kwa ufunguo."

"Ufunguo," mama alisema. Akanyoosha mguu wa pili. "Huko bondeni kuna joto. Watu hawavai shali."

"Zitafumwa kule ziuzwe huku."

"Na mimi atanivisha nani? Wifi yako? Yule anachana nywele kama anapalilia shamba."

Mashoto alicheka, akidhani mama anatania, maana mama alikuwa hodari wa utani. "Nitakuja kila mwisho wa mwezi. Na kwenye mshahara wangu nitalipa msichana wa kukaa na wewe."

"Msichana," mama alisema, kama aliyekuta jiwe kwenye wali. Mashoto alimkausha vidole vya miguu kimoja kimoja, akamvisha soksi za sufu, akaenda kumwaga maji. Kichwani alikuwa ameshaning'iniza pazia kwenye dirisha ambalo hakujua kama lipo.

*

Ijumaa nyumba ilivaa sura nyingine. Vikombe viliazimwa kwa jirani, pamoja na birika. Kaka alipiga tai. Kiti cha mama kilisogezwa dirishani, na Kaka akaamuru mama awekewe mapajani blanketi, na juu yake shali ambayo Mashoto alikuwa ameifikisha nusu, pamoja na sindano zake. "Si uongo," alisema. "Ni heshima tu. Mgeni hawezi kumkuta Bibi Majani amekaa mikono mitupu."

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti nzuri za ngozi. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, akawapa wengine mkono, kisha akatoa leso kwenye mkoba, akaitandika juu ya kiti, ndipo akakaa. Wifi aliyekuwa amekisugua kiti kile asubuhi nzima aliiona leso ile, akaenda zake jikoni. Begani mgeni alikuwa amejifunga shali ya rangi ya kijivu, na Mashoto aliitambua papo hapo. Aliifuma kipindi cha mvua, umeme umekatika, akiwa amesogea dirishani mpaka pua inagusa kioo.

Walizungumza habari za baridi, habari za bei ya uzi wa sufu. Chai ikanywewa. Mashoto alisimama na sinia karibu na mlango, akingoja. Mgeni alitoa shali ya pili kwenye mfuko, kuukuu, akaitandaza magotini kando ya ile ya begani.

"Hii ya zamani yanalala kulia," alisema. "Hizi za sasa yanalala kushoto, na jani limekaa kama limepepewa na upepo. Wateja wangu wanazigombania. Bibi, ulifanyaje?"

"Uzee unageuza mambo mengi, mwanangu," mama alisema, na mgeni akacheka sana. Kaka naye akacheka.

Mashoto alingoja. Alijiambia mama anatafuta pa kuanzia.

"Basi mwanao kakufikishia ujumbe wangu," mgeni alisema. "Sitaki kukuhamisha nyumbani kwako. Nipe tu mtu aliyeshika mkono wako. Ukimtaja, Jumatatu anaanza."

Mashoto aliona kidevu cha mama kinainuka, akaona midomo inajiandaa, na akaliweka sinia chini ili akiitwa aende mikono ikiwa huru.

"Nimefundisha wengi," mama alisema. "Hakuna aliyeshika."

Mgeni alikunja uso. "Hakuna kabisa? Hata binti yako huyu?"

"Huyu?" Mama alimtazama Mashoto kwa upole ule ule wa kila siku, na huo upole ndio uliomkata Mashoto maini. "Huyu ananikunjia uzi. Mungu hakumpa vidole. Tangu mdogo anashika kila kitu kwa mkono usio wake, nikachoka kumrekebisha."

Kaka alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

Mgeni aliwatazama wote wawili. Hakuwa mjinga, mtu hafikishi duka lile mahali lilipofika akiwa mjinga. Alinyanyuka, akaichukua ile shali ya nusu kutoka mapajani mwa mama, pamoja na sindano zake, akamnyooshea Mashoto.

"Hebu dada, shika nikuone. Vitanzi vichache tu. Mimi nimeshawahi kuona watu wanaokunja uzi wakawapita waliowaajiri."

Mashoto alizipokea. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, aliiacha asubuhi ile katikati ya jani, na mkono wake wa kushoto ulijua kabisa kitanzi gani kinafuata. Ilihitaji pumzi chache tu. Jani lingelala kushoto mbele ya macho ya mgeni, na kusingekuwa na la kueleza. Aliinua macho amtazame mama kabla ya kuanza. Mama alikuwa ameficha mikono chini ya blanketi, lakini blanketi lilikuwa linatetemeka. Uso haukuwa na ukali wala ombi. Ulikuwa uso wa mzee aliyekaa sebuleni kwake, mbele ya mtu mwenye buti za ngozi, akingoja mwanawe wa kumzaa amwite mwongo.

Mashoto alimwonea huruma. Ilimjia kwa ghafla, kama kikohozi, hakupata nafasi ya kuikataa. Alihamisha sindano, akashika kazi kwa mkono wa kulia.

Mkono wa kulia haukujua kitu. Ulichoma sindano upande usio wake, ukavuta uzi ukakaza, kitanzi kimoja kikachomoka, kikafuata cha pili, na jani alilokuwa amelijenga asubuhi likaanza kufumuka lenyewe kuelekea chini. Alijaribu kulikamata kwa kidole gumba akazidisha. Hapakuwa na maigizo hapo. Hivyo ndivyo alivyofuma kwa mkono ule.

Angeweza kuvumilia kama yangeishia hapo. Lakini mama aliegemea mbele kwenye kiti chake, na sauti yake ikatoka na nguvu ambayo Mashoto hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Si hivyo, mwanangu. Legeza uzi. Mara ngapi nakwambia legeza uzi? Tazama, umeniharibia jani." Akamgeukia mgeni, akatikisa kichwa, macho yanameremeta. "Unaona mwenyewe. Kila siku ni hivi hivi."

Alikuwa amefurahi. Mashoto aliliona hilo waziwazi, na huruma aliyokuwa nayo ikakauka.

"Basi, basi, mrudishie mama," mgeni alisema, akampapasa Mashoto bega kama anavyopapaswa mtoto aliyeshindwa mtihani. "Si kila mtu ni fundi, dada. Kumtunza mzazi nako ni kazi." Akakaa kwenye leso yake, akatoa simu, akampigia mtu wake wa dukani hapo hapo. "Yule mwanamke anayetufumia soksi, mwambie nafasi ni yake. Ndiyo, Jumatatu. Mpe na shali moja akajifunze kwa kuifumua."

*

Kaka alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari. Wifi alikuja kuchukua vikombe vya jirani, akapita mbele ya mama mkwe wake bila kumwangalia, akamwambia Mashoto kwa sauti ya chini, "Wewe na huo moyo wako," akatoka.

Wakabaki wawili. Mashoto alikuwa bado ameshika shali iliyofumuka. Mama alikuwa anajaribu kuvuta blanketi juu ya magoti na halikumfuata, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani kwao Mashoto aliona na hakwenda kumsaidia.

"Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi."

"Sasa kwa nini?"

"Ungekwenda."

"Ungeniambia nisiende. Ungesema tu, Mashoto usiniache, naogopa. Mama, mimi ningebaki."

"Najua," mama alisema.

Mashoto alimkodolea macho. Alikuwa amejiandaa kwa uongo mwingine, kwa kilio, hata kwa matusi. Hilo hakuwa amejiandaa nalo.

"Unajua?"

"Najua ungebaki. Lakini ningekuwa nimekuomba." Mama aliachana na blanketi, akaweka mikono mahali ilipoangukia. "Unaniogesha. Unanivisha. Unanilisha nyama umeshanikatia. Kazi yangu unafanya wewe, na unaifanya vizuri kuliko mimi, usidhani sioni. Kimebaki nini ambacho si cha kuomba? Hiki nilitaka nikichukue mwenyewe."

"Ni maisha yangu, mama."

"Ndiyo."

Huko nje gari la mgeni liliwashwa, likaondoka. Mashoto alitupa shali kitini. Alikuwa analia sasa, na alikasirika kwamba analia.

"Nitamfuata. Kesho napanda gari, nakwenda kukaa katikati ya duka lake, nafuma mbele yake mpaka anione."

"Nenda."

"Nakwenda kweli."

"Si nimesema nenda? Nauli ipo kwenye simu yangu, namba ya siri unaijua." Mama alisema hayo bila kejeli. "Utamwambia mama yako mwongo. Atakuamini, ukishika tu sindano ataamini. Ataondoa picha yangu, na mimi nitakaa hapa nikingoja kaka yako anikumbuke. Halafu atakuuliza, kwa nini Ijumaa ulifuma vile? Utamjibuje?"

Mashoto alijifuta machozi kwa kiganja.

"Hutakwenda," mama alisema. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho mteja ameshakishika mkononi. "Mtu wa kwenda angefuma palepale."

Kaka aliingia akisugua viganja, tai ameshailegeza, uso unang'aa kwa baridi na kwa furaha. Hakutambua chochote, au aliona kutotambua ndiko kwenye amani.

"Kaacha oda," alisema. "Shali na kofia zake, na nusu ya pesa kaituma akiwa bado mlangoni. Anataka majani ya kushoto matupu. Dada, vile ulivyojifanya hujui kufuma, nilikaribia kuamini hata mimi. Hongera."

Mashoto alisimama katikati ya chumba akimtazama mama, na mama akamtazama yeye bila kushusha macho. Alitafuta ndani yake kitu cha kumwonyesha kwamba safari hii amekosea, kwamba kesho gari litaondoka na yeye akiwa ndani. Alikitafuta mpaka Kaka akachoka kusimama, akaenda jikoni kuulizia chakula. Hakukipata, na alimchukia mama kwa kumjua kiasi hicho.